Matanga ya Ng'ombe

Jumatatu, siku yangu ya nne kazini, nilipoteza kipimajoto cha serikali ndani ya ng'ombe wa Mzee Saidi wa Ihanja. Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana mliobaki kazini mmenisumbua niandike, na naogopa mtadhani nilianza kazi nikiwa najua. Sikujua. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba, mafunzo ya miezi michache ya uhudumu wa mifugo, buti za mpira zilizonizidi mguu, na baiskeli ambayo breki yake ilikuwa soli ya kiatu changu.

Asubuhi ile alikuja mtu mbio kwenye josho la kuogeshea ng'ombe akasema ng'ombe wa Mzee Saidi wamepandwa na wazimu. Mkubwa wangu wa kazi, Mzee Ntandu, alikuwa ndani ya josho anapima dawa, akaniambia nitangulie. Nilikuta ng'ombe kama ishirini wamesongamana mahali pamoja mbele ya zizi, pua chini, wanachimba ardhi kwa kwato na kulia. Mlio ule sikuwahi kuusikia, ingawa nilikulia machungani. Haukuwa wa njaa wala wa kiu. Ulianzia chini tumboni, ukapanda, ukakatikia juu. Dume lao lilikuwa linatoa povu.

Nikakumbuka tulivyofundishwa kwamba kichaa cha mbwa humpata hata ng'ombe. Nikaanza kuwapima joto mmoja mmoja. Wa kwanza mzima, wa pili mzima, wa saba mzima. Kwa wa nane nilikuwa naliangalia dume badala ya kuangalia mkono wangu, na kipimajoto kikazama chote. Kuna uzi wa kukifungia kwenye mkia, na tulifundishwa kuufunga. Uzi ulikuwa mfukoni mwangu.

Mzee Ntandu alifika mchana. Hakuwatazama ng'ombe, alitazama ardhi. Akakwangua udongo kwa ncha ya fimbo.

"Mzee Saidi, hapa mlichinja?"

"Juzi. Binti yangu ameolewa."

"Mlimchinja nani?"

Alisema "nani", hakusema "nini". Nililisikia hilo siku ile na halijanitoka.

"Maksai mweusi."

"Alikaa na hawa muda gani?"

"Amezaliwa humu humu."

Mzee Ntandu akanigeukia. "Hawa hawaumwi. Wako matangani."

Watu wote wakacheka isipokuwa yeye. Aliwaambia wachimbe udongo wote wenye damu wakautupe mbali, wamwage majivu, na kuanzia kesho yake mifugo ipitishwe njia nyingine. Lakini wasianze sasa. "Waacheni kwanza wamalize," alisema. "Ukimfukuza mtu msibani, atarudi." Jua lilipoinama, ng'ombe walianza kutoka mmoja mmoja, bila kufukuzwa, wakaenda kunywa maji.

Tukiwa njiani akaniuliza, "Na wewe ulipata joto gani?"

"Kipimajoto kimeingia ndani, Mzee."

"Chote?"

"Chote."

"Basi serikali sasa ina mali yake kwa Mzee Saidi. Kesho utakaa nyuma ya yule ng'ombe uisubiri."

Nilikaa. Watoto wa mji ule walikaa pamoja nami, maana hawakuwa wamewahi kuona mtumishi wa serikali akifanya kazi ya namna ile. Kilitoka saa tano, kizima. Nilikiosha kwa maji ya dawa na nilikitumia miaka mingi baadaye. Vijana, fungeni uzi.

Mzee Ntandu ndiye aliyenifundisha kazi hii, na kama ningeambiwa nichague shukrani moja tu kati ya zote nilizonazo, ningechagua ile ya kupangiwa kazi chini yake. Alikuwa na daftari la shule la kurasa mia, na kila tulipoona mnyama anafanya jambo mbele ya maiti ya mwenzake aliliandika. Mara ya kwanza aliponipa niandike mimi, niliandika: Ng'ombe ana huzuni. Akaifuta.

"Umemuuliza?"

"Hapana, Mzee."

"Uliona nini?"

"Hajala siku mbili. Amesimama mlangoni kwa zizi."

"Hilo ndilo la kuandika."

Kwa hiyo sitawaambia wanyama wanaomboleza. Sijui. Nitawaambia nilichoona. Niliona ng'ombe aliyefiwa na ndama akikataa kuteremsha maziwa mpaka wazee wakamwekea ngozi ya yule ndama, wameipaka chumvi, akailamba, maziwa yakashuka. Niliona kondoo wakimzunguka mwenzao aliyepigwa na radi, wakalala pembeni yake hadi asubuhi. Mbuzi nao niliwaona. Mbuzi analia jioni moja tu, kesho yake yuko juu ya paa la jiko. Simlaumu, kila kiumbe na moyo wake.

Na niliona punda. Tulikuwa Manyoni kwa kazi ya chanjo, na muuza maji mmoja pale mjini alikuwa na punda wawili wanaovuta mkokoteni pamoja. Mmoja akaanguka karibu na reli, akafa. Mwenye punda akataka kumburuta pembeni haraka ili aendelee na kazi na yule mwingine. Yule mwingine alikuwa ameweka kidevu chake juu ya shingo ya maiti, hasogei, hata akivutwa.

"Mwache," Mzee Ntandu akamwambia.

"Nina wateja wanasubiri maji, mzee wangu."

"Watakunywa kesho. Huyu ukimtoa sasa atakupigia kelele wiki nzima, na maji hutauza."

Yule bwana akakaa chini kwenye dumu lake akiguna. Punda alisimama pale tangu asubuhi mpaka alasiri. Kisha akainua kichwa, akajikung'uta, akaenda zake kwenye nyasi kama mtu aliyemaliza shughuli. Kesho yake alivuta mkokoteni. Tangu hapo popote nilipopelekwa niliwaambia wafugaji: mwenzake akifa, msimfiche. Mpeni nafasi amnuse. Nililisema kwenye mikutano ya vijiji, nikalisema minadani, na watu walilipenda kwa sababu halina gharama.

Sasa nifike kwa mke wangu, maana nikiruka hapa nitakuwa nimewadanganya. Nilikuwa kwenye chanjo porini, mbele ya Itigi, mahali ambapo simu ilikuwa haishiki mpaka upande juu ya kichuguu. Mwanaidi alipata homa siku mbili, akafariki Alhamisi asubuhi, akazikwa siku ileile baada ya alasiri kama dini yetu inavyotaka. Habari zilinifikia Ijumaa jioni. Nilifika nyumbani Jumamosi nikaonyeshwa kaburi, na udongo wake ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Hakuna aliyenikosea. Waliomzika walifanya haki, na mpaka leo nawashukuru kwa kumstiri mke wangu nikiwa sipo. Ila kwa miezi mingi nilikuwa nikirudi kutoka kazini nasimama kwanza nje ya mlango, sijui nangoja nini.

Mzee Ntandu alikuwa amekwisha kustaafu. Alikuja kwa basi, akakaa nami siku tatu. Hakunipa mawaidha hata moja. Siku ya tatu jioni akasema, "Nimepita Unyambwa. Josho linavuja." Kesho yake nilikwenda nikaliziba, siku nzima nachanganya saruji. Nilipomaliza nilikuwa na njaa, na ilikuwa njaa yangu ya kwanza tangu msiba.

Kesi ngumu kuliko zote niliipata mwishoni, mvua zangu za mwisho kazini, nikiwa Mgori.

Palikuwa na mjane mmoja, Mama Neema, aliyekuwa akilea wajukuu watatu. Marehemu mumewe alimwachia shamba na maksai wawili wa kulimia. Aliwapa majina Dereva na Kondakta, kwa sababu mmoja alitembea kulia na mwingine kushoto kwenye nira, na hawakuwahi kubadilishana. Bila wale maksai Mama Neema hakuwa na namna ya kulima zaidi ya kiganja cha ardhi. Kijiji chote kilijua hivyo. Mvua zilikuwa zinanukia, na nyumbani kwake mtama uliobaki ulikuwa chini ya debe moja.

Nilipigiwa simu asubuhi: Dereva amekufa. Nikaenda kwa pikipiki. Nilimkuta amelala ubavu, tumbo limevimba, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Watu walikuwa wamekwisha kufika na visu na mabeseni.

"Shikamoo, Bwana Mifugo," mmoja akaniambia. "Tunakungoja wewe tu, utupigie muhuri tugawane."

"Marahaba. Rudisheni visu."

"Wewe umeshiba asubuhi, ndiyo maana."

"Hiki ni kimeta. Atakayemla Dereva atamfuata Dereva."

Walirudi nyuma hatua mbili, lakini visu hawakuviweka. Nilivaa glavu, nikachukua tone la damu sikioni kwa kipande cha kioo, likapimwe maabara mjini, na majibu yaliporudi baadaye yalikuwa yaleyale. Mnyama wa kimeta hapasuliwi. Huzikwa mzima, shimo refu kupita mtu, chokaa juu yake, na miiba kuzunguka ili kiumbe chochote kisifike. Nanyi mnajua kwa nini: ugonjwa ule hukaa udongoni miaka na miaka.

Kondakta alikuwa amefungwa kwenye mti umbali wa kurusha jiwe. Alikuwa anavuta kamba mpaka shingo inachubuka, na analia ule mlio nilioukuta Ihanja.

"Mfungue amwone mwenzake," Mama Neema akaniambia.

"Siwezi, Mama Neema."

"Mara moja tu. Wamelala pamoja miaka sita."

"Akiinusa hii damu tutazika wawili."

Akanitazama. "Si wewe uliyesema mkutanoni tusiwafiche? Nilikuwa nimekaa mbele. Ulisema mwacheni amnuse. Leo yamekuwa maneno ya nani?"

Yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa nimeyasema miaka yote bila kuongeza kwamba kuna magonjwa ambayo hayaruhusu. Hilo ni kosa langu, naliandika hapa ili ninyi msilirudie. Jambo jema likisemwa nusu, nusu iliyobaki huja kudai kwako.

Tulimzika. Kisha likaja la pili. Nira yao ilikuwa imelazwa palepale Dereva alipoangukia, na damu ilikuwa imeipata. Nira ile marehemu mumewe ndiye aliyeichonga. Nikamwambia lazima ichomwe pamoja na kamba na nyasi. Hakubishana. Aliibeba mwenyewe nilipompa glavu, akaiweka juu ya moto, akasimama akiitazama hadi ikakatika katikati.

"Leo umenizikia wawili," alisema, akaingia ndani.

Nilichanja mifugo yote ya jirani. Nikamkataza Mama Neema kumchanganya Kondakta na mnyama yeyote kwa wiki mbili. Siku ya nne mvua ikanyesha, nzuri, ya kupandia. Huku na huku watu wakafunga majembe yao. Kondakta alisimama uso ukiwa umeelekea ile miiba. Hakula siku tatu. Ya nne akatafuna mabua kidogo akayaacha. Nilipita kila baada ya siku moja kumpima joto, na kila mara alikuwa mzima. Mbavu zake zilianza kuhesabika. Mama Neema na wajukuu walikuwa wanalima kwa jembe la mkono, na kwa wiki moja walikuwa wamepata vipande viwili vya ukubwa wa mkeka.

"Akifa na huyu," aliniambia bila kuinua kichwa, "hawa watoto nitawapeleka kwa nani?"

"Hafi. Hana ugonjwa."

"Hali, hanywi vizuri, unasema hana ugonjwa. Wewe hujui kufichwa maiti, Bwana Mifugo."

"Najua," nikasema.

Akasimamisha jembe. Nikamweleza habari za Mwanaidi, kwa maneno machache, kama nilivyowaeleza ninyi. Sikuwa nimemwambia mtu pale Mgori. Alinisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Kwa hiyo hukumwona kabisa?"

"Sikumwona."

"Sasa uliinukaje?"

"Niliambiwa josho linavuja."

Alinitazama kuona kama namtania, akaona simtanii, akacheka bila kupenda. Akanitengea kigoda. "Pole sana," alisema. Kisha akaongeza, "Basi na huyu mtafutie josho lake."

Wiki mbili zilipotimia nilimwomba shemeji yake, Elisha, aliyekuwa na jozi yake ya maksai na alikuwa amemaliza kulima kwake, amletee mmoja. Nilisema nitafika Jumamosi. Elisha ni mtu wa haraka, akaja Ijumaa. Akamvalisha Kondakta nira yake, pamoja na maksai wake mwekundu, akapiga mluzi. Kondakta akapiga magoti, akalala ndani ya nira. Wakamvuta mkia, wakampiga, hakuinuka. Nilipofika Jumamosi nilikuta kiboko kimemwachia alama mgongoni na Mama Neema amekaa mlangoni bila kitambaa kichwani.

"Amekataa," Elisha akaniambia. "Huyu moyo wake umekwenda na Dereva. Muuzeni nyama kabla hajakonda zaidi."

"Nyamaza, Elisha," Mama Neema akasema.

Mimi nilikuwa karibu kumwamini Elisha. Nilikuwa nimeona mengi, na tayari nilikuwa naandika kichwani mwangu kwamba maksai anaweza kufa kwa kufiwa. Nikakumbuka daftari. Nikajiuliza niliona nini hasa. Sikuwa nimeona chochote, maana Ijumaa sikuwepo. Nikamwambia Elisha anionyeshe alivyowafunga.

Akawasimamisha: mwekundu kushoto, Kondakta kulia.

"Huyu wako hutembea upande gani?"

"Kushoto. Ndiye mpole, nikaona nimlete yeye."

"Na Kondakta?"

Mjukuu mkubwa wa Mama Neema, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyejibu. "Kondakta ni wa kushoto, babu. Huyo umemkalisha kwenye kiti cha Dereva."

"Mtu mzima na ndevu zako," Mama Neema akamwambia shemeji yake, "umeshindwa kuuliza hata mtoto?"

"Msiba ulinichanganya, shemeji."

"Msiba wa ng'ombe wangu?"

Hatukumfunga siku ile. Elisha akamrudisha mwekundu, akaja na yule wa kulia, mweupe mwenye pembe moja. Tukawaweka zizi moja, bila nira, bila kazi, mabua kwenye beseni moja na chumvi katikati yao. Jioni ya kwanza Kondakta alimpa mgongo. Asubuhi ya pili nilipopita walikuwa wamelala, si pamoja, lakini si mbali. Siku ya tatu alilamba chumvi upande wa mwenzake.

Siku ya nne tukafunga. Kondakta kushoto, mweupe kulia. Elisha alishika kamba mbele, na mimi nikashika jembe, kwa sababu Elisha alisema hataki kulaumiwa tena. Nilikuwa sijashika jembe la ng'ombe tangu utotoni. Mama Neema alisimama pembeni na kikapu chake. Elisha akapiga mluzi.

Kondakta hakwenda. Alisimama, masikio yakicheza. Mweupe akavuta, nira ikapinda. Niliona magoti ya mbele ya Kondakta yanalegea, na nikamwona Mama Neema ameweka kiganja mdomoni. Kisha akamwita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka jikoni.

"Kondakta. Twende, baba."

Akaenda. Si vizuri. Alikwenda kwa kusitasita, na mimi nyuma nilikuwa nayumba kama mlevi. Tulipofika mwisho wa shamba na kugeuza, nilitazama mstari wetu.

"Bwana Mifugo," Mama Neema akaniita kwa mbali, "hapo unanilimia au unanichorea nyoka?"

Elisha akacheka mpaka akaachia kamba. Mstari wa pili ulinyooka kidogo, na wa sita ulikuwa mstari wa mtu mzima. Ilikuwa ni huzuni iliyomlaza Kondakta Ijumaa ile, au ni upande tu? Nimeulizwa hivyo na wengi. Zile siku tatu bila kula hazikuwa za upande, maana wakati ule nira haikuwepo. Zaidi ya hapo sijui, na sitaandika nisilolijua.

Saa tano jua lilipokuwa kali tuliwafungua. Tulikuwa tumelima kama robo ya shamba. Kondakta alikunywa maji, akaenda kwenye beseni, akamnyang'anya yule mweupe bua lililokuwa limeshaingia mdomoni mwake. Mama Neema alimtazama akitafuna mpaka likaisha. Akakaza kanga kiunoni, akachukua kikapu cha mbegu, akawaita wajukuu, wakaingia kwenye mistari kupanda.